Maji Upande wa Kushoto

Kila mtu aliyekuwepo kwenye yale mapigano ya Mei alitaka kuwekwa mbele. Tangu ijulikane kwamba mama Stolk, mwenye kiwanda cha bia, ameagiza picha ya vita ile kwa ajili ya ukumbi wa kikosi cha raia wa mji, mlango wa Aleida Verhoeck haukutulia. Mmoja alileta samaki wa mkunga aliyekaushwa kwa moshi, mwingine alileta jibini, na wa tatu hakuleta kitu ila maneno.

"Niweke mbele, bi Aleida, lakini tumbo nipunguzie kidogo. Siku ile nilikuwa sijala."

"Sajini Prein anasema ulikuwa nyuma, kwenye gari la baruti," Aleida alijibu bila kuinua macho.

"Prein! Muulize Prein mwenyewe kofia yake ilikuwa wapi. Ilikuwa kichwani kwa adui!"

Aleida aliwasikiliza wote na hakumwahidi yeyote. Kazi yake ilikuwa kuchora nyuma ya kioo, kazi aliyofundishwa na baba yake, na Schoonhoven ukiwa mji wa mafundi fedha, hakukosa malighafi. Alibandika utando wa dhahabu na wa fedha upande wa nyuma wa kioo, akachonga watu na miti kwa sindano, kisha akajaza rangi. Kazi hii huenda kinyume na ya wachoraji wengine. Anayetumia turubai huanza na mbingu na kumaliza na vifungo vya koti. Anayetumia kioo huanza na vifungo, kwa sababu mtazamaji atasimama upande wa pili, na kinachowekwa kwanza ndicho kitakachokuwa karibu na macho yake. Kilichowekwa kwanza hakifunikiki tena. Ukikosea hapo, unakwangua kila kitu.

Ndiyo maana ombi la Kapteni Hagedoorn lilimkosesha raha. Kapteni alikuwa wakili, mtu mwembamba, mwenye adabu, asiyesema neno kabla ya kulipima.

"Mtu wa mwisho kulia, bi Aleida," alisema. "Mahali pake paache wazi mpaka Jumamosi. Baada ya kikao nitakuambia umweke nani."

"Mstari wa mbele ndio ninaoanza nao, bwana kapteni. Siwezi kuacha tundu."

"Basi usianze."

"Mama Stolk anataka kazi iishe kabla ya baridi."

Kapteni alivaa glavu zake taratibu. "Najua ni ndugu yako. Ningeweza kulisema hili kwa namna nyingine, ningelisema."

Mtu wa mwisho kulia alikuwa Gijsbert Verhoeck, mwoka mikate, mdogo wake Aleida. Kikosi kilikuwa na desturi isiyovunjwa: mrefu kuliko wote husimama mwisho wa mstari upande wa kulia, mfupi kuliko wote husimama mwisho kushoto, na mabega hushuka kama ngazi. Ilikuwa lazima Gijsbert ainame kuingia katika nyumba yake mwenyewe. Kwamba alisimama kulia hakuna aliyelibishia. Ubishi ulikuwa juu ya kitu alichokifanya aliposimama pale.

Mwaka ule, 1787, Waholanzi walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Wazalendo, wenye utepe mweusi kofiani, walitaka miji ijitawale. Watu wa Oranje walikuwa upande wa Mtawala na askari wake. Schoonhoven ilipeleka kikosi kwenda kuusaidia mji wa Utrecht, na jioni moja ya Mei kikosi hicho kilitoka lango la Utrecht, kikafuata barabara ya mfereji kuelekea kusini, na giza lilipokuwa linaingia kikakutana na askari wa Mtawala kwenye nyumba moja ya wageni. Walipigana kwa muda mfupi. Adui alikimbia. Walirudi Utrecht usiku kwa mashua, wakiimba, na mtu mmoja amelala chini amekufa: Reinout Stolk, mtoto wa pekee wa mama Stolk.

Kesho yake bunduki zilipopangwa, moja haikuonekana. Wiki moja baadaye iliopolewa kwenye mfereji, mahali palepale pa vita. Na Gijsbert alikuwa amerudi mikono mitupu.

Hapo ndipo picha ya chapa ilipofika. Ilitoka kwenye karakana moja ya Amsterdam mwezi wa Juni, karatasi kubwa, na chini yake iliandikwa kwamba imechapwa kutokana na mchoro wa mpima ardhi aliyekuwepo vitani. Ilionyesha mapigano kutoka nyuma ya kikosi: nyumba ya wageni mbele, moshi, mstari wa Wazalendo, ua wa miti ya miiba upande wa kushoto, na mfereji upande wa kulia. Kila baa iliining'iniza. Walioitazama wakinywa waliona wazi: mtu wa mwisho kulia alikuwa ukingoni mwa maji, na bunduki ilikutwa majini. Hesabu ilijipiga yenyewe: aliitupa akakimbia.

*

Gijsbert aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na kapu la mikate, akaliweka mezani kwa kishindo.

"Kula, dada. Leo nimeoka kwa ajili yako peke yako. Mji mzima umeshiba ghafla."

"Haujauzwa hata mmoja?"

"Mmoja. Mtoto wa fundi viatu alinunua, mama yake akamrudisha nao." Akaketi, magoti yakagonga meza. "Na kwenye dirisha wamechora bunduki inayoogelea. Imechorwa vizuri, nadhani ni kazi ya mteja wako mmoja."

Aleida alikata mkate, akapaka siagi, akampa yeye. Alimtaka asimulie tena, tangu mwanzo. Gijsbert alikunja uso.

"Mara ya ngapi hii?"

"Simulia."

"Tulisimama. Mimi mwisho kulia, kama kawaida. Wakapiga, tukapiga. Nikamsikia Reinout analia upande wa pili wa mstari. Nikatoka, nikapita nyuma ya wenzangu kwenda kwake. Hapo ndipo waliponiona nakimbia, na kweli nilikimbia. Nikamkuta amelala. Nikamweka mgongoni. Bunduki yangu ilikuwa inamgonga kichwani, nikampa mtu."

"Mtu gani?"

"Mkono, dada! Giza na moshi. Niliona mkono, nikauwekea bunduki."

"Na mkono huo haujulikani ni wa nani."

"Hakuna anayeukiri. Kila mtu ana mikono miwili, na yote ilikuwa inamwua adui." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Nilimwambia Prein: tazama mkanda. Mkanda wa bunduki yangu niliurefusha, ule wa kawaida unanikaba kama mbwa. Nilishonea kipande cha hatamu. Akasema bunduki iliyotoka majini haina mkanda. Kumbe walioiopoa wamebaki nao. Ngozi ni ngozi."

"Ulipokuwa umesimama, kulia kwako kulikuwa na nini?"

Gijsbert aliacha kutafuna.

"Ua. Miiba. Ilinikwaruza bega, koti likachanika." Akajishika bega. "Ila nimeitazama ile picha mara nyingi mno. Siku hizi nikifumba macho naona maji. Pengine koti nililichana kwenye mashua."

Hilo lilimsumbua Aleida kuliko mikate isiyouzwa. Ndugu yake alikuwa amepitia barabara ile mara moja tu maishani mwake, jioni, na amerudi kwa njia nyingine. Karatasi ameitazama miezi mitatu. Aleida alikwisha andika barua kwenda Utrecht kumwuliza mtu anayeijua barabara, lakini askari wa Mtawala walikuwa njiani na barua zilikuwa zinapotea. Hakuna jibu lililokuja. Na Jumamosi, siku kikosi kitakapomhukumu Gijsbert, ilikuwa karibu. Wakimwona na hatia, ngoma itapigwa mbele ya duka lake, ukanda wake wa kijani wa kikosi utachanwa hadharani, na baada ya hapo Gijsbert angeweza kuoka alichotaka. Tayari walikuwapo, katika mji ule wa Waprotestanti, waliokuwa wakisema kwamba Mkatoliki kama yeye ni Mkatoliki tu, hata akivaa utepe mweusi.

Aleida alimpenda mdogo wake, na kwa sababu hiyo hakuuamini moyo wake. Kuutaka ukweli uwe wa namna fulani si ushahidi.

*

Alhamisi asubuhi alianza. Mama Stolk alikuwa ametuma mtu mara mbili kuuliza kazi imefika wapi, na Aleida hakuwa na sababu ya kumpa. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mchoro bora, angetumia ile ya chapa, kama kila mtu alivyotarajia. Utando wa fedha ulikuwa umekwisha shika. Njia yake ilikuwa hii: kuilaza picha kifudifudi juu ya utando, kuitoboa mistari kwa sindano, na kupitisha unga wa chokaa kwenye matundu ili mistari ibaki juu ya fedha. Picha hulazwa kifudifudi kwa sababu kazi itatazamwa kutoka upande wa pili. Mwanafunzi hujifunza hilo siku ya kwanza, na siku ya pili hupigwa kofi akilisahau.

Alikuwa ameishika karatasi mkononi aliposikia kioo kikipasuka barabarani. Alitoka mbio. Ilikuwa dirisha la duka la Gijsbert, nyumba tatu kutoka kwake, na jiwe lilikuwa katikati ya mikate. Gijsbert alikuwa tayari anafagia. Alimpungia mkono arudi ndani, kana kwamba yeye ndiye mkubwa.

Aleida alirudi, akafanya kazi kwa hasira bila kupumzika mpaka baada ya chakula cha mchana. Alichonga mstari wa watu, ua, ukingo wa mfereji. Kisha akainua kioo, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha aone kilivyo kwa macho ya mtazamaji.

Mfereji ulikuwa kushoto.

Alikitazama kwa muda. Karatasi ilikuwa bado mezani, na uso wake ulikuwa juu. Alikuwa ameilaza kichalichali, yeye, binti wa Verhoeck, mwenye miaka ishirini na zaidi katika kazi hii. Alitukana kwa sauti, neno ambalo kasisi wake asingelipenda, akachukua kisu cha kukwangulia.

Kisu hakikushuka. Kulikuwa na kitu kwenye kioo kilichomtuliza macho, na alikuwa mtu wa kutaka kujua sababu. Akatafuta. Upanga wa kapteni ulikuwa kwenye nyonga ya kushoto. Hapo ndipo upanga hukaa. Mtu huuchomoa kwa mkono wa kulia. Askari walikuwa wameegemeza bunduki kwenye bega la kulia. Na mtu mrefu kuliko wote alikuwa amesimama mwisho wa mstari, kulia, karibu na ua.

Akaigeukia karatasi ya Amsterdam, akaisoma upya kama mtu anayesoma mkataba baada ya kutia sahihi. Upanga wa kapteni ulikuwa kulia. Kikosi kizima kilikuwa cha watu wa mashoto. Mabega yalishuka kuelekea kulia, na mrefu alikuwa upande wa kushoto, kinyume na desturi ya kila kikosi cha nchi ile.

Mchongaji wa Amsterdam alikuwa na haraka. Aliuchukua mchoro wa mpima ardhi, akauchonga kwenye shaba kama alivyouona, na shaba ilipogandamizwa kwenye karatasi ulimwengu ukageuka. Maandishi ya chini yalikuwa sawa, kwa sababu kila mchongaji hujua kuandika herufi kinyumenyume hata akiwa usingizini. Herufi zikisomeka, nani atashuku maji? Kosa lake yule mtu lilikuwa kosa lilelile la Aleida, na makosa mawili yalikuwa yamerudisha mfereji mahali pake.

Aliweka kisu chini. Furaha ilimjia, akaizuia mlangoni. Picha iliyogeuka ilionyesha kwamba maji yalikuwa kushoto. Haikuonyesha bunduki ya majini ilikuwa ya nani. Kushoto mwisho alisimama mfupi kuliko wote, na mfupi kuliko wote alikuwa Reinout Stolk. Mtu akipigwa risasi ukingoni mwa maji, bunduki yake ingeanguka wapi?

Lakini bunduki ya Reinout ilikuwa inajulikana ilipo. Ililetwa juu ya jeneza lake, na sasa ilikuwa imetundikwa ukutani katika Kanisa Kuu, juu ya kaburi lake, na kila Jumapili mama yake alikaa chini yake.

*

Wala Aleida wala Gijsbert hawakuwa wamewahi kuingia katika Kanisa Kuu. Wakatoliki wa mji walisali katika nyumba isiyo na mnara, nyuma ya ghala, na kila upande ulijifanya hauuoni wa pili. Mlinzi wa kanisa alipomwona Aleida mlangoni Ijumaa asubuhi, nyusi zake zilipanda.

"Umepotea njia, bi Aleida, au umeongoka?"

"Nachora vita. Nataka kuona bunduki ya marehemu."

"Tazama bure. Kuongoka pia ni bure, ukipata nafasi."

Ukuta ulikuwa mweupe, na bunduki ilikuwa juu kuliko alivyotarajia. Mkanda wake ulining'inia chini ya mtutu kama tumbo la ng'ombe mzee. Alisogea mpaka shingo ikamuuma. Katikati ya ngozi nyeusi palikuwa na kipande cha ngozi ya kahawia, kilichoshonwa kwa uzi mweupe mnene, mishono mipana, ya mtu asiyejua kushona ngozi. Ni uzi wa kufungia magunia ya unga.

Reinout Stolk alikuwa akimfikia Gijsbert kwenye kwapa. Mkanda ule ungemburuzia bunduki chini.

*

Ukumbi wa kikosi Jumamosi ulijaa tangu asubuhi, na haukuwa umejaa kwa ajili ya Gijsbert peke yake. Ilisemekana mfalme wa Prusia, ambaye dada yake ni mke wa Mtawala, amekusanya jeshi mpakani. Ilisemekana pia hajakusanya kitu. Watu walikaa, wakasimama, wakaenda dirishani, wakarudi. Mama Stolk alikuwa mbele, amevaa nguo nyeusi, mwanamke mnene wa mikono mikubwa, na fimbo kati ya magoti.

Sajini Prein, fundi fedha mwenye uso mwekundu, alisimama kwanza. "Tusipoteze muda, bwana kapteni. Picha ipo, bunduki ipo. Mwoka mikate alikuwa na joto, akataka kuoga, akaanza na bunduki."

Watu walicheka. Gijsbert, aliyesimama katikati bila ukanda wake, alitazama dari, ambayo haikuwa mbali naye.

Aleida aliomba kusema. Kapteni alimruhusu kwa kichwa. Alikitoa kioo kwenye shuka, akakiegemeza ukutani kando ya picha ya chapa.

"Umeweka maji upande usio wake!" mtu alipiga kelele.

"Ndivyo nilivyodhani na mimi," Aleida alisema. "Nilikosea. Picha niliilaza vibaya, ikatoka kinyume. Nilikuwa nataka kuikwangua. Bwana kapteni, upanga wako uko wapi?"

Kapteni alitazama nyonga yake, kisha akainua macho kwenye karatasi ya Amsterdam. Alisimama akaiendea.

"Na wewe sajini, unapiga bunduki kwa bega gani?"

"La kulia, kama Mkristo yeyote."

"Tazama hapo unapiga kwa bega gani."

Prein alitazama. Wengine walisogea, viti vikaburuzwa, mtu akasema "Sisi sote mashoto!" na mwingine akasema "Mimi ndiye huyu? Mbona mfupi?" na kwa muda kikao kilikuwa baa.

"Mrefu yuko kushoto," kapteni alisema polepole. "Hatusimami hivyo." Kisha wakili akarudi ndani yake. "Lakini kioo si shahidi, bi Aleida. Umeonyesha kwamba mchongaji alizembea. Bunduki iliyokuwa majini bado ni ya mtu."

"Ni kweli. Ndiyo maana naomba ile ya kanisani iletwe hapa."

Kila mtu alimtazama mama Stolk. Aleida naye alimtazama. Hakuwa na haki ya kutazama pengine.

"Ile imefanya nini?" mama Stolk aliuliza.

"Nadhani si ya Reinout, mama. Nadhani ya Reinout ilianguka majini alipopigwa."

"Unadhani."

"Mkanda wake umerefushwa kwa kipande cha hatamu na uzi wa magunia. Ikiletwa, hamtahitaji dhana yangu."

Mama Stolk alikaza mikono juu ya fimbo. Kisha akasema, "Ileteni," kwa sauti aliyotumia kuagiza mapipa.

Mlinzi wa kanisa aliileta akiwa ameifunga kwa kitambaa. Kapteni aliufungua mkanda, akaupima kwa macho, akamkabidhi Gijsbert. Gijsbert aliuvaa begani. Bunduki ilitulia mgongoni mwake kama paka anayejua kiti chake. Kisha kapteni akamvika Prein, ambaye hakuwa mfupi. Kitako kilimgonga nyuma ya goti. Safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu Prein alikuwa amebadilika rangi.

"Mimi ndiye," alisema.

"Wewe ndiye nini, sajini?"

"Ule mkono." Aliivua bunduki taratibu. "Alikuwa amembeba Reinout, akanipa bunduki. Mimi nilidhani ananipa ya marehemu. Nikaiweka juu ya maiti kwenye mashua. Haki ya Mungu, bwana kapteni, sikuwahi kufikiri tena. Walipouliza nani alipokea bunduki ya mwoka mikate, nikasema si mimi, na nilikuwa nasema kweli nilivyojua."

"Na miezi mitatu unaniita muogaji," Gijsbert alisema.

"Na bado ungefaa kuoga," Prein alisema, lakini macho yalikuwa chini. Akampa mkono. Gijsbert aliutazama kidogo. "Ngoja nione kama ndio wenyewe," akasema, akaupokea.

Mama Stolk alikuwa ameinuka. Alimwendea Gijsbert akasimama mbele yake, kichwa chake kikimfikia Gijsbert kifuani.

"Ulimbeba wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Alisema kitu?"

Gijsbert alifikiri. Ingekuwa rahisi kumpa mama neno moja zuri. "Hapana, mama. Alikuwa ananung'unika tu. Kisha akaacha."

Mama Stolk aliitikia kwa kichwa, kama anayepokea kipimo sahihi. "Jumapili kumi na tano nimeiombea bunduki ya mwoka mikate," alisema. "Ile ya majini iko wapi?"

"Ghalani, mama," kapteni alisema. "Ina kutu."

"Itundikwe hivyo hivyo. Asiifute mtu." Kisha kwa Gijsbert: "Yako chukua. Na kesho niletee mikate, ile mikubwa."

Kapteni alimvika Gijsbert ukanda wa kijani kwa mikono yake, akamrudisha mwisho wa mstari, kulia. Watu walipiga makofi kwa nguvu iliyozidi, kama wanaotaka isahaulike walikuwa wapi juzi.

*

Aleida alikuwa na siku chache za utulivu. Maji aliyaacha kushoto. Gijsbert alimchonga kwanza, kando ya ua, na begani akamwachia mchaniko mdogo wa koti. Wazalendo waliendelea kuja mlangoni, ila sasa kila mmoja alikumbuka vizuri kabisa kwamba maji yalikuwa kushoto, na kwamba siku zote alisema hivyo.

Kisha habari zikaja mchana mmoja, na safari hii hazikupingwa na nyingine: Waprusia wamevuka mpaka, wengi kuliko ilivyosemwa. Kabla ya jioni ngoma ilikuwa inapita mitaani, ikisimama kwenye kila kona.

Gijsbert alichungulia kwenye dirisha la karakana, kofia mkononi, bunduki mgongoni.

"Tunakwenda, dada. Mikate iko kwenye tanuri, itoe kabla haijaungua."

"Wangekufukuza," Aleida alisema, "ungekuwa umekaa hapa unakula."

"Nakula na nani? Kila mtu alikuwa ameshiba." Akatabasamu. "Umenirudisha wewe mwenyewe."

"Najua."

Gijsbert hakungojea zaidi. Aleida alifunika rangi zake, akavaa shali, akaitoa mikate kwenye tanuri kwanza kwa sababu isingeweza kusubiri, kisha akaenda mpaka lango la mashariki. Kikosi kilikuwa tayari juu ya tuta, kinaondoka kuelekea Waprusia walikokuwa wanatoka. Mabega yalishuka kama ngazi kutoka kulia kwenda kushoto. Kushoto mwisho kulikuwa na mfupi mpya.

Alimtafuta mrefu, na haikuwa kazi. Alikuwa mahali pake, ukingoni mwa tuta, na chini yake mto Lek ulikuwa umejaa, unakwenda haraka. Safari hii maji yalikuwa kulia.